Tupeane uzoefu: Kubadilisha haraka picha ya eneokazi unapowasilisha mada mtandaoni

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha kwa njia ya mtandao, na karibu kila kipindi hufika wakati ambapo inanibidi nifunge slaidi ili nifungue faili nyingine. Kwa sekunde hizo chache wote wanaonifuatilia hubaki wakitazama eneokazi la kompyuta yangu, yaani picha ya wanangu na majina ya mafaili yasiyowahusu. Sizungumzii ile picha inayowekwa nyuma ya uso wa mzungumzaji kwenye kamera, kwani hiyo hubadilishwa ndani ya programu ya mkutano na haigusi kabisa kinachoonekana unaposhirikisha skrini.

Njia niliyoizoea ni kubofya kulia picha niliyoiandaa na kuchagua iwe mandhari ya eneokazi. Ni kazi ya mara moja, lakini baada ya kikao inabidi niirudishe ile ya awali, na muda wote huo aikoni hubaki palepale. Wenzangu mnafanyaje?

Mkufunzi wa programu za uhasibu

Mwalimu, mimi niliacha kubadilisha picha, sasa ninabadilisha eneokazi zima. Windows 11 inaruhusu kila eneokazi pepe, yaani eneokazi la ziada ndani ya kompyuta ileile, liwe na picha yake, jambo ambalo Windows 10 haikuwa nalo ingawa maeneokazi pepe yenyewe ilikuwa nayo. Kabla ya kikao ninabonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na D ili kuunda eneokazi la pili, kisha ninabonyeza Windows na Tab, ninabofya kulia kijipicha chake kinachojitokeza chini ya skrini na kulichagulia picha ya rangi moja. Kila nitakachokihitaji ninakifungua humo. Muda ukifika, Windows, Ctrl na mshale wa kulia hunipeleka huko, na mshale wa kushoto hunirudisha, wala hakuna cha kurekebisha baadaye.

Zingatia mambo mawili. Aikoni ni zilezile katika maeneokazi yote, hivyo ni lazima uzifiche: bofya kulia mahali patupu, nenda kwenye sehemu ya mwonekano, uondoe alama ya kuonyesha aikoni. Pili, ukihama huku skrini nzima inashirikishwa, wasikilizaji wataona eneokazi la kwanza likiteleza kupisha la pili, kwa hiyo hama kwanza ndipo uanze kushirikisha.

Mtafsiri, mtumiaji wa Mac

Kwa upande wa Mac hali ni hiyohiyo: kila eneokazi linaweza kuwa na picha yake, na Ctrl pamoja na mshale hukuhamisha. Tangu toleo la mfumo wa Mac liitwalo Sonoma kuna swichi katika mipangilio ya mandhari inayoamuru picha moja ionekane kwenye maeneokazi yote. Ikiwa imewashwa, kila unachobadilisha kwenye eneokazi moja kitaonekana kwingine kote, kwa hiyo izime kwanza.

Mratibu wa mafunzo kazini

Naomba niongeze suala la picha yenyewe, kwa sababu ninasimamia vikao ambavyo baadhi ya washiriki wana intaneti dhaifu, na mara nyingi ninafuatilia nikiwa upande wao. Skrini inaposhirikishwa husafirishwa kama video iliyobanwa. Mandhari yenye majani, umati au mawimbi ina vitu vidogo vingi vya kusafirisha, kwa hiyo mtu wa mwisho huona ukungu kwanza ndipo picha itulie, na wakati mwingine hata maneno ya dirisha lililo juu yake hukawia kusomeka. Rangi moja tupu hufika mara moja. Binafsi ninapendekeza kijivu iliyokolea, kwa maana nyeupe huchoma macho unapotoka kwenye slaidi nyeusi. Mandhari inayojibadilisha yenyewe kila baada ya dakika kadhaa isitumike kabisa, kwani huwavuta wasikilizaji katikati ya maelezo.

Afisa wa msaada wa kompyuta

Wapo ambao kompyuta zao ni za mwajiri na msimamizi wa mfumo amefunga mandhari isibadilishwe. Hao wasihangaike na mipangilio, washirikishe dirisha moja tu badala ya skrini nzima, na eneokazi halitaonekana hata kidogo. Kwa slaidi, weka onyesho liendeshwe ndani ya dirisha, si kwa kujaza skrini, ili ubaki na nafasi ya maandishi yako ya pembeni. Shida yake ni kwamba faili utakayoifungua katika dirisha jingine wasikilizaji hawataiona mpaka uchague upya unachoshirikisha.

Mwanzisha mada

Nashukuruni sana. Swali kwa mkufunzi wa uhasibu: nikizima kompyuta na kuiwasha tena, lile eneokazi la pili hubaki?

Mkufunzi wa programu za uhasibu

Eneokazi lenyewe hubaki pamoja na picha yake. Programu ulizozifungua ndani yake ndizo utakazolazimika kuzifungua upya, hivyo jipe dakika chache kabla ya washiriki kuingia.