Wauzaji wa vifaa vya uvuvi Mombasa: acheni kuwauzia watu rodi za bahari kwa safari ya besi Naivasha!

Wavuvi wenzangu wa Mombasa, hili jambo limezidi. Kila kikundi kikipanga safari ya Naivasha kuvua besi, mambo ni yale yale. Mtu aingia dukani, asema wazi kabisa kwamba ataka rodi na rili (chombo cha kuzungushia mshipi) ya besi wa ziwani, kisha atoka na rodi ya futi 10 ya kurushia kutoka ufuoni, rili kubwa ya namba 6000 (namba ni ukubwa wa rili) na mshipi wenye nguvu ya ratili 40 uliokaa dirishani ukipigwa na jua mpaka umekauka. Akiuliza, aambiwa "hii yavua samaki yeyote, bwana". Huo ni uongo! Hakuna rodi ya samaki yeyote, na mtu anayeuza vifaa hivi kutwa hawezi kusema hajui.

Besi (largemouth bass) si samaki wa kwetu. Aliletwa Naivasha kutoka Marekani miaka ya 1920, na maisha yake ni ya kando ya ziwa: kwenye mizizi ya mafunjo, chini ya magugu maji, penye miti iliyozama. Hendi mbio kama nguru wala kolekole. Avizia, akifungua mdomo maji yaingia pamoja na chambo. Pengine mkono hauhisi kitu. Waona tu mshipi umesogea ubavuni kidogo. Na chambo chenyewe ni gramu 5, 7, 14, kikizidi sana 28. Sasa chukua rodi iliyoundwa kutupa chuma cha gramu 80, uitupie chambo cha gramu 7. Haipindi. Rodi isiyopinda hairushi, chambo chaanguka puani pa mashua na mvuvi aambiwa hajui kutupa. Kosa si lake.

Halafu hiyo rili ya 6000 ni zaidi ya nusu kilo, wakati rili ya 2500 ni kama robo kilo. Besi ni kazi ya kutupa na kuvuta, kutupa na kuvuta, mara mia kadhaa kwa siku. Kufika saa nne asubuhi kifundo cha mkono kishakufa.

Tena watu hawaonyeshwi maandishi. Kila rodi ya maana imeandikwa juu ya mpini: urefu, ugumu, nguvu ya mshipi kwa ratili na uzito wa chambo. M ni ugumu wa kati, MH ni kati kuelekea mgumu, H ni mgumu. Rodi isiyo na maandishi hayo msiinunue hata ikipunguzwa bei nusu, kwa sababu hujui unanunua nini. Na ile iliyoandikwa, muuzaji ana wajibu wa kumsomea mteja kabla ya kupokea pesa.

Kwa atakayebeba mbili tu, hizi ndizo zinazotosha. Ya kwanza ni futi 7, M, ya rili inayoning'inia chini, namba 2500. Jaza mshipi wa kusuka wa ratili 10 hadi 15, mbele unga mita mbili za fluorokaboni (mshipi usioonekana sana majini) ya ratili 8 au 10. Hiyo ni ya minyoo ya mpira na vyambo vyepesi. Ya pili ni futi 7, MH, ya rili inayokaa juu ya rodi, mshipi wa ratili 12 hadi 20 kama ni fluorokaboni, au wa kusuka wa ratili 30 hadi 50. Hiyo yaingia kwenye magugu, yamtoa samaki kabla hajajizungusha kwenye shina la mafunjo. Chambo chake ni mpira wenye ndoana iliyofichwa na risasi mbele, au cha rangi ya kahawia au nyekundu kinachofanana na wale kamba wekundu wa maji baridi walioletwa Naivasha mwaka 1970. Besi huwala.

Mwenye nafasi ya rodi ya tatu achukue laini zaidi, inayopinda mpaka katikati, kwa vyambo vya kuzamia vyenye ndoana za midomo mitatu. Ndoana hizo ni nyembamba na hushika juu juu. Rodi ngumu huzing'oa mdomoni samaki akitikisa kichwa. Hapo watu hulaumu ndoana bure. Ya nne, ile ya H na mshipi wa ratili 65 ya kuburuta chura wa mpira juu ya magugu, ni ya mtu aliyezoea.

Rili ya juu nayo imekuwa mtego. Mpini wa rili ya chini unahamishika, kulia au kushoto, wafungua skrubu na kuuhamisha. Wa rili ya juu hauhamishiki! Ukiuziwa wa kulia na wewe wazungushia kushoto, ndiyo basi. Hakuna anayemwambia mteja. Wala haelezwi kuipima: funga chambo, legeza spuli (gurudumu lenye mshipi), geuza kile kifundo cha kukazia kilicho ubavuni mwa rili mpaka chambo kishuke taratibu na spuli isimame chambo kinapogusa sakafu. Bila hivyo, mchana upepo wa Naivasha ukianza kuvuma, chambo chasimama hewani, spuli yaendelea kuzunguka na mshipi wavurugika kama makumbi ya nazi. Palipo na upepo na chambo chini ya gramu 7, tumieni rili ya chini, msijitese.

Lakini linalonikera kuliko yote ni jinsi ninyi wauzaji mnavyojaza spuli. Mwafunga mshipi wa kusuka moja kwa moja kwenye chuma! Mshipi huo unateleza, hauna mnato. Mvuvi aona breki ya rili haishiki, akaza, akaza tena mpaka mwisho. Samaki avuta. Ukiitazama rili kwa karibu utaona ajabu: spuli imetulia tuli, mshipi wote wazunguka juu yake kama pete iliyolegea kidoleni. Rili yaonekana mbovu na si mbovu. Dawa ni kuzungusha kwanza mita 5 hadi 10 za nailoni, kisha unganisha mshipi wa kusuka hapo. Hata kipande cha utepe wa gundi chasaidia. Dakika tano za kazi zinawashinda?

Na mshipi ujazwe ukiwa umevutwa, ushikwe kwa kitambaa kilicholowa, mpaka ubaki kama milimita 2 kufika ukingo wa spuli. Mkiufurisha hadi juu watoka vifundo vifundo. Mkiuacha chini haufiki mbali kwa kuwa wakwaruza ukingo. Breki ipimwe kwa mizani ya ndoana: robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa ratili 12, breki iachie kwenye kilo moja na nusu hivi.

Pete za rodi pia zikaguliwe pale pale dukani. Chukua pamba, ipitishe ndani ya kila pete, zaidi ile ya nchani. Pamba ikiacha nyuzi, pana ufa hata kama jicho halioni, na ufa huo utakata mshipi siku ya kwanza. Muuzaji akikataa usipitishe pamba, mwachie rodi yake.

Wapangaji wa safari nao wana lawama. Ujumbe wao ni mmoja: "kila mtu aje na rodi yake." Rodi gani? Watu watatu kwenye mashua moja ndogo, kila mmoja na futi 10, ni kutoana macho. Na atakayesema atavulia ukingoni ajue kwamba pale pana viboko.

Pia mwambieni mtu anunue rodi ya vipande viwili. Ya futi 7 ikigawanywa kati, kila kipande ni kama sentimita 107. Bomba la plastiki la inchi 3, urefu mita 1.2, sponji ya godoro huku na huku, yasafiri salama kwenye buti la basi la Nairobi au kwenye treni ya Miritini. Rili zivuliwe, breki zilegezwe, zikae kwenye mkoba wa mkononi. Ya kipande kimoja ikibanwa chini ya mabegi mpaka Nairobi, ncha haifiki.

Nataka wauzaji wajibu hapa. Kwa nini mteja asionyeshwe maandishi ya rodi kabla hajalipa?

Jibu:
Nakubaliana nawe mengi ila umezidisha upande mmoja. Si kila rodi ya bahari ni mbaya. Mwenye rodi nyepesi ya kuvulia kolekole wadogo na changu hapa Tudor, futi 7, chambo gramu 7 hadi 21, rili 2500 au 3000, asinunue kitu kingine. Abadilishe mshipi tu na aende zake Naivasha.

Jibu la aliyeanzisha mada:
Hapo umesema kweli, na ungekuwa dukani watu wasingepoteza pesa. Nyongeza moja tu: kama rili ishaingia maji ya chumvi, aisafishe kabla hajaondoka. Akaze breki, ainyunyizie maji baridi kidogo kidogo, aifute, aache ikauke kivulini, kisha ailegeze. Asiielekezee bomba la nguvu wala asiizamishe kwenye ndoo, kwa sababu maji yakiingia kwa nguvu yasukuma chumvi mpaka kwenye beringi. Azungushe mpini taratibu sikio likiwa karibu. Akisikia mchakaricho kama wa mchanga, chumvi ishaingia ndani; beringi zitolewe, zioshwe, zitiwe mafuta mepesi. Na kinyume chake, rili za bei ya chini mnazouziwa kwa ajili ya ziwa hazina mipira ya kuzuia maji. Mkirudi Mombasa msizipeleke kwenye miamba ya Nyali, hazitamaliza mwezi.