Naomba ushauri: buti za hewa za kukanda miguu baada ya mazoezi

Mkimbiaji wa Raskazone: Habari za jioni, wanajamvi. Ninajiandaa kwa mbio za kilomita 21, na uchovu wa miguu umeanza kuninyima usingizi. Nimeona buti ndefu zinazojazwa hewa kwa pampu, zikibana kuanzia unyayo hadi paja kisha zikaachia. Je, zinafaa?

Mzee wa Ngamiani: Mwanangu, sisi tulicheza mpira Mkwakwani hadi magharibi, tukaenda kuingia baharini mpaka kiunoni, na asubuhi tuliamka wazima. Ninyi mnataka hata uchovu uondolewe kwa umeme.

Mama Mihogo: Na umeme ukikatika akiwa amebanwa mapajani, nani atamchomoa?

Mnyoosha Viungo: Hupunguza maumivu kidogo, kwa muda, lakini haijathibitika kwamba hurudisha nguvu au kasi. Vifaa vya namna hii hutumika hospitalini kwa wagonjwa waliolazwa baada ya upasuaji, ili damu isigande miguuni. Je, miguu yote miwili inauma sawasawa?

Mkimbiaji wa Raskazone: Kwa kweli ni wa kushoto peke yake. Kigimbi kimevimba na kina joto tangu niliporudi kwa basi kutoka Mwanza. Sikulitaja kwa kuwa naamini ni msuli tu. Isitoshe, nimekwisha kulipa nusu ya bei, na muuzaji harudishi fedha.

Mnyoosha Viungo: Ndugu yangu, usizivae. Mguu mmoja kuvimba baada ya kukaa safarini muda mrefu huenda ni damu iliyoganda katika mshipa wa ndani, na kipande kikimeguka huweza kufika kwenye mapafu. Nenda hospitali ya Bombo wakuchunguze kwa ultrasaundi.

Chumbageni Halisi: Mimi simwamini. Kwanza buti, kisha bei, kisha muuzaji; bado namba ya simu tu. Hili ni tangazo lililovishwa kanzu ya ugonjwa.

Mama Mihogo: Tangazo gani hilo linalompeleka mteja Bombo?

Mkimbiaji wa Raskazone: Si tangazo. Soksi ya kushoto imeacha mfereji ambao haujafutika tangu alasiri, ilhali mguu wa kulia hauna alama. Nitakwenda kesho nikitoka kazini, na muuzaji nimemwomba aniwekee buti zangu.

Mzee wa Ngamiani: Basi hata baharini usiingie, mwanangu.

Mnyoosha Viungo: Nenda usiku huu, usingoje kesho. Mguu huo usikandwe na mtu yeyote, na ukihisi kifua kinabana au pumzi inakatika, usikae kutuandikia hapa.