Wanawake wataalamu: kazi umefanya wewe, jina limekaa wapi? Tupeane uzoefu

Habari zenu dada zangu, hasa mlioko wizarani na halmashauri hapa Tanzania. Tupeane mbinu za kufanya kazi zetu zitambulike. Naomba tuingie ndani kabisa, tusiishie kwenye "jiamini".

Afisa mipango: Anzeni na dokezo sabili, ile karatasi ya ndani ya ofisi ya kumpa bosi hoja na mapendekezo. Ukiagizwa kuliandaa, usimrushie bosi faili tupu kwenye WhatsApp, maana litachapwa upya na hutaonekana popote. Weka jina, cheo, saini na tarehe, lipeleke masijala (ofisi ya kutunza majalada) liingie kwenye jalada na kupewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada hilo. Bosi ataandika maoni yake chini ya hoja zako. Namba ya jalada na folio ziandike kwenye daftari lako siku hiyohiyo. Mliohamia ofisi mtandao (mfumo wa majalada ya kielektroniki), dokezo lianzie kwenye akaunti yako, kamwe lisianzie kwa bosi eti kwa sababu ana haraka.

Katibu wa vikao: Tunapopotelea zaidi ni kwenye muhtasari wa kikao. Tazama: "Mjumbe alishauri bomba la inchi 3 libadilishwe." Mjumbe yupi? Rasimu ikizungushwa, omba isomeke "Mhandisi wa Maji alishauri". Ikikupita, bado kuna ajenda ya kuthibitisha muhtasari: nyoosha mkono kabla mwenyekiti hajasaini. Mkishaingia kwenye yatokanayo (ajenda ya kufuatilia maazimio ya kikao kilichopita), ndiyo basi tena. Na kama kila kikao kalamu anapewa mwanamke, ombeni zamu. Mtu anayeandika maneno ya wenzake saa tatu mfululizo hapati nafasi ya kutoa hoja yake.

Afisa utumishi: Naongeza PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini wengi hukumbuka kujaza Juni, wakati hata msimamizi kasahau nani alifanya nini. Jaza utekelezaji kila wiki. Halafu, jamani, acheni neno "kusaidia"! "Kusaidia maandalizi ya taarifa" halikupi kitu kama taarifa uliiandaa wewe. Andika "Kuandaa taarifa ya mapato ya robo ya kwanza kwa kata 14 ifikapo Oktoba 10". Hapo kuna kazi, kiasi na tarehe.

Kukaimu kwa mdomo nako ni mtego. Bila barua, hakuna posho ya kukaimu wala kumbukumbu kwenye jalada lako binafsi. Omba barua siku ya kwanza.

Mhandisi: Wahitimu mlioko kwenye SEAP, mafunzo kazini ya wahandisi wahitimu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), miaka 3 hiyo msikubali iishie ofisini mkipanga makabrasha huku wenzenu wa kiume wakipelekwa saiti. Logibuku (daftari la kumbukumbu za kazi ulizofanya) iliyojaa kazi za mezani itakuangusha kwenye usajili. Ingizo liwe na vipimo: "Kusimamia umwagaji wa zege, nguzo 12, slampu mm 75." (Slampu ni kipimo cha ulaini wa zege mbichi.) Msimamizi asaini kazi ikiwa bado mbichi. Akihamishwa kabla ya kusaini, utamtafuta mikoani.

Afisa utumishi: Nilisahau likizo ya uzazi. Ni siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Muda huo unatosha kazi yako kupata mwenyewe mwingine. Kabla hujaondoka andika taarifa ya makabidhiano: kila kazi, imefikia hatua gani, imebaki nini, jalada namba ngapi. Anayepokea asaini nakala mbili, moja ibaki kwako, nyingine iende masijala.