Huu upigaji wa kiwango cha kubadilishia fedha kwenye ATM na mashine za kadi Mwanza ukome

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaoishi kwa awamu: miezi sita Uingereza au Marekani na miezi sita Mwanza, na wafanyabiashara wa dagaa na mabondo (vibofu vya samaki) ambao nusu ya mwaka wako Kisumu au Kampala. Hawa wanakamuliwa, na wanakamuliwa mahali ambapo wengi hawaangalii. Kelele zote ni za ile ada ya ATM inayotokea kwenye skrini. Inauma, sikatai, lakini angalau imeandikwa wazi. Pigo lenyewe liko kwenye skrini inayofuata.

Fuatilieni hatua kwa hatua. Kadi ya nje inaingia, unachagua lugha, namba ya siri, kiasi. Skrini ya kwanza inasema benki yenye mashine itakukata kiasi fulani kwa sababu kadi si ya kwake. Hapo huna ujanja: ukikataa, muamala umekufa na kadi inatoka. Ukikubali, kwenye baadhi ya mashine inakuja skrini ya pili, imefanana na ya kwanza kama pacha. Inaonyesha zile shilingi zako zimeshageuzwa kuwa pauni au dola, kiwango kilichotumika, na kwa herufi za kutafuta kwa miwani, asilimia ya nyongeza. Chini kuna «Accept» na «Decline». Nyingine zinaandika «with conversion» na «without conversion».

HAPA NDIPO PA KUKATAA. Ukibonyeza «Decline» kwenye skrini hii ya pili pesa inatoka vilevile. Unachokataa ni benki yenye mashine kukubadilishia kwa kiwango chake. Muamala unakwenda kwa shilingi, na hesabu ya kubadilisha inafanywa na Visa au Mastercard wenyewe, ambao kiwango chao huwa karibu sana na cha soko la jumla. Watu wanabonyeza kukubali kwa sababu sekunde kumi zilizopita wamefundishwa kwamba kukataa ni kukosa pesa. Foleni iko nyuma, jua la saa saba linawaka, kidole kinarudi palepale kilipokuwa. Huu mpangilio ni wa makusudi na ni aibu. Tena mara nyingi skrini hiyo ni ya Kiingereza kitupu hata kama mwanzo ulichagua Kiswahili.

Tupige hesabu kwa namba za mfano. Unatoa 400,000. Kiwango cha mtandao wa kadi ni shilingi 3,300 kwa pauni: utakatwa pauni 121.21. Mashine inakupa kiwango chake cha 3,100: utakatwa pauni 129.03. Tofauti ni pauni 7.82, yaani karibu shilingi 25,800 kwa kitufe kimoja, zaidi ya asilimia 6. Na hiyo ni mbali na ada ya mashine, mbali na ada ya benki yako huko kwenu, na mbali na asilimia ya muamala wa nje ambayo benki nyingi huweka kati ya 1 na 3. Wengine wanadhani wakikubali ile hesabu ya pauni basi benki yao haitawakata asilimia ya nje. Si kweli kwa kila kadi. Kuna benki zinazoangalia muamala umefanyikia nchi gani, hivyo unakatwa huku na huku.

Mahotelini ndiko hali mbaya zaidi, kwa sababu kule kitufe hukibonyezi wewe. Keshia anachukua kadi, anageuza mashine upande wake, anachagua fedha kwa niaba yako, kisha anakurudishia uweke namba ya siri tu. Kwa kanuni za Visa na za Mastercard, uchaguzi huo ni wa mwenye kadi. Keshia haruhusiwi kukuchagulia, na mashine hairuhusiwi kukugeuzia fedha bila kukuuliza. Kwa hiyo kabla hujatoa kadi sema kabisa: «Dada, naomba unikate kwa shilingi, na hiyo skrini nionyeshe.» Usichanje, usiweke namba ya siri, mpaka umeona TZS (shilingi yetu) imeandikwa mbele ya kiasi. Ukiona GBP (pauni) au USD (dola), bonyeza kitufe chekundu, anzeni upya.

Ukishtuka baada ya risiti kutoka, isome palepale kaunta. Risiti ya muamala uliogeuzwa ina kiasi mara mbili, cha shilingi na cha fedha ya kadi, kiwango katikati, na sentensi inayosema mteja amepewa hiari akachagua. Usisaini hiyo sentensi kama hukuulizwa. Mwambie keshia AFUTE muamala siku hiyohiyo, kabla mashine haijafunga hesabu za siku, kisha aukate upya kwa shilingi. Asikudanganye kwamba «atarudisha kesho». Kufuta kunaondoa muamala kana kwamba haukuwepo. Kurudisha ni muamala mpya unaopita kwenye kiwango kingine, na hapo unapoteza mara ya pili.

Wakikataa kufuta, piga picha risiti na bili, nenda kwa benki iliyotoa kadi (si kwa benki yenye mashine), fungua pingamizi. Kwa Visa namba ya sababu ya pingamizi ni 12.3, muamala kwa fedha isiyo sahihi, na muda wa kulifungua ni siku 120. Andika wazi kwamba hukupewa uchaguzi wa fedha. Neno «kiwango kibaya» peke yake halitakusaidia, maana kiwango kibaya kilichokubaliwa ni halali.

Na hizo hoteli za mjini ambazo bado zinataja bei ya chumba kwa dola hata kwa mtu anayelipa hapahapa: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma ndani ya nchi kutajiwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Dai bili ya shilingi. Ukikubali bili ya dola, shilingi inageuzwa kwa kiwango cha mezani kwao, halafu kadi inageuza tena.

Sasa ada ya kudumu ya ATM. Noti yetu kubwa ni 10,000, na mashine nyingi hutoa noti 40 tu kwa mkupuo, ndiyo maana unagota kwenye 400,000. Chukulia ada ya mashine ni 15,000 kila mara. Mtu anayetaka milioni 2 anaingiza kadi mara tano, 75,000 imekwenda. Anayetoa 100,000 leo na 100,000 kesho analipa asilimia 15, na huyo ndiye mara nyingi asiye na uwezo. Toa kiasi cha juu kila mara. Zunguka mashine mbili tatu za benki tofauti ukasome ada kwenye skrini ya kwanza kabla ya kukubali. Kusoma na kughairi kwa kawaida hakukatwi, ila kuulizia salio kwenye mashine ya nje na muamala uliokataliwa kwa salio pungufu, benki nyingine hukata. Angalia salio kwenye simu. Na usitoe taslimu kwa kadi ya mkopo: riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Kadi za kubeba zipo. Mwenye makazi Marekani, akaunti ya hundi ya Charles Schwab ya wawekezaji haina asilimia ya nje na inarudisha ada za ATM dunia nzima. Mwenye makazi Uingereza, benki ya Starling haikati asilimia ya nje wala ada yake ya kutoa, ila ada ya mwenye mashine inabaki palepale. Kadi za Wise na Revolut (kampuni za fedha za mtandaoni) zina kikomo cha mwezi cha kutoa taslimu bila ada, na Revolut kwenye mpango wa kawaida inaongeza asilimia mwishoni mwa wiki, kwa hiyo toa pesa siku za kazi. Hata uwe na kadi nzuri namna gani, ukibonyeza «Accept» kwenye skrini ya pili umeifuta faida yake yote.

Lakini kwa anayekaa Mwanza miezi mingi, kutegemea ATM ni kosa tangu mwanzo. Fungua akaunti ya shilingi hapa, au tumia laini yako ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa NIDA, tuma pesa kutoka nje kwa Wise au WorldRemit moja kwa moja, kisha lipa sokoni na dukani kwa lipa namba. Pima kwa namba moja tu: shilingi zilizofika gawanya kwa pauni zilizotoka. Usisome neno «bila ada» kwenye tangazo. Anayetangaza bila ada kailaza ada yake kwenye kiwango.

NYONGEZA kwa wanaovuka mipaka ya Sirari (kwenda Kenya) na Mutukula (kwenda Uganda).

Kadi ya shilingi ya Tanzania ukiitumia Kisumu au Kampala inaweza kubadilishwa mara mbili. Kama benki yako inasuluhisha (yaani inalipana hesabu) na mtandao wa kadi kwa dola, shilingi ya Uganda inakwenda dola, dola inakuja shilingi yetu, na kila mpito una chake. Waulize kwa maandishi: mnasuluhisha kwa fedha gani, na nyongeza yenu ni asilimia ngapi? Wakikujibu «inategemea», omba mwongozo wa ada na tozo, ukurasa wa kadi. Kumbuka pia ada zao zinaongezewa kodi juu yake.

Kwa mtaji mkubwa acha kadi. Kuna mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, unaounganisha benki kuu zetu kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na unapeleka pesa benki hadi benki kwa fedha za nchi wanachama bila kupitia dola. Kinachokera ni kwamba ukifika kaunta ukasema unatuma Kenya, unapewa fomu ya SWIFT, ule mtandao wa kimataifa wa kutuma pesa, bila kuulizwa. Itaje EAPS kwa jina. Mhudumu asipoijua, omba msimamizi wa tawi.

Kwa kiasi kidogo, M-Pesa ya Tanzania inatuma M-Pesa ya Kenya, ila tazama kiwango kwenye ujumbe wa kuthibitisha kabla ya kuweka namba ya siri. Ukikaa Kisumu miezi kadhaa, sajili laini ya kule kwa pasipoti ulipe kwa till (lipa namba ya kule) kama wenyeji. Na washa huduma ya nje (roaming) kwenye laini yako ya Tanzania KABLA ya kuvuka. Ukikosa ujumbe wa namba ya uthibitisho, programu ya benki haifunguki, na ndipo watu wanapokimbilia ATM ya kwanza wanayoiona.

Tunachodai benki za hapa mjini kinafanyika ndani ya wiki moja: skrini ya pili iwe ya Kiswahili, iandikwe kwamba ukikataa pesa inatoka, na ada ya kadi ya nje ibandikwe nje ya mashine kabla mtu hajaingiza kadi. Wakiendelea kukaa kimya, malalamiko yaende kwao kwanza kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa, na yasipojibiwa yapelekwe Benki Kuu, ambayo ina tawi hapahapa Mwanza na ina kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za fedha za 2019.

Mwenye risiti yenye kiasi mara mbili aipige picha aiweke hapa: tarehe, kiwango na asilimia vionekane, namba ya kadi ifichwe yote. Karatasi hizo wino wake unafutika upesi, msizikalie kwenye pochi.