Matunda na njaa ya jioni kwa mwenye kisukari

Mama Furaha, Bukavu: Ndugu zangu, nina kisukari cha aina ya pili, na nikitoka soko la Kadutu njaa hunishika hata nikala ndizi mbivu kadhaa kabla bugali haijaiva. Je, niache matunda kabisa?

Baba Amani: Hapana, mama. Tunda zima lina nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, ila maji ya matunda, hata yasiyotiwa sukari, huipandisha upesi. Ndizi moja ndogo, isiyoiva mno, yatosha.

Dada Neema: Avoka ina sukari kidogo sana na hushibisha, ule nusu yake pamoja na maharagi, saa kumi ya jioni. Lakini kama unatumia insulini, ile dawa ya sindano ya kushusha sukari, usipunguze chakula kabla ya kumwuliza daktari, kwani sukari inaweza kushuka ghafula.

Mama Furaha: Aksanti. Na bugali?

Baba Amani: Kiasi cha ngumi, na sombe, yaani majani ya muhogo, nyingi.