Miadi ya kadi imeangukia siku ya kumtembeza mama Bergen

Kutoka: Mtanga wa Bergen

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mama yangu yupo hapa Norway kwa besøksvisum (visa ya matembezi) ya siku 21, ambayo garantiskjema yake (fomu ya mdhamini) niliisaini mwenyewe, na kazini nimepewa ruhusa ya siku moja tu, Alhamisi hii, nimtembeze kabla hajaondoka Jumamosi. Jana ofisi ninakohuishia oppholdskort (kadi ya ukaazi) imenihamishia miadi kutoka wiki ijayo hadi Alhamisi hiyohiyo saa sita mchana, bila kuniuliza, na mtandaoni siwezi tena kubadilisha siku. Je, kuna aliyewahi kwenda mapema akahudumiwa kabla ya saa yake? Mama ana miaka 69, magoti yanamsumbua, na sijui atakuja tena lini.

Kutoka: Mama wa Sandviken

Pole sana, mwanangu, na umfikishie mama shikamoo yangu. Mimi mwaka juzi nilikaa kwenye benchi saa tatu nzima na mtoto mgongoni, na kadi ilipokuja jina lilikuwa limekosewa, nikaanza upya. Ushauri wangu ni kwamba saa mbili asubuhi muwe mmeshafika Bryggen, ule mtaa wa kale wa bandarini, kwa sababu abiria wa meli za kitalii wakishashuka vile vichochoro havipitiki. Nyumba zile za mbao za mwaka 1360 zitamkumbusha vichochoro vya Lamu.

Kutoka: Mkazi wa Oslo

Dada, hapo umekosea. Mnamo mwaka 1360 ndipo wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa (umoja wao wa kibiashara) walipoweka kituo chao pale, lakini nyumba tunazoziona leo zilijengwa baada ya moto wa mwaka 1702, juu ya viwanja vilevile na kwa mpangilio uleule, na UNESCO iliuandika mtaa huo katika orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 1979. Moto waliuogopa kiasi kwamba ndani ya nyumba hizo hawakuruhusiwa kuuwasha hata wakati wa baridi. Walikwenda kupika na kuota moto katika Schøtstuene, majengo yao ya pamoja. Mchana ningempeleka mama Troldhaugen, alikohamia mtunzi Edvard Grieg mwaka 1885, na alikozikwa ndani ya jabali lililo juu ya ziwa.

Kutoka: Mama wa Sandviken

Kuhusu mwaka nakubali, lakini ndugu wa Oslo hakuyasoma magoti. Kutoka Hop, kituo cha Bybanen (treni ya mjini), hadi Troldhaugen ni mwendo mrefu kwa miguu. Mama yangu mzazi alipoelezwa pale Bryggen kwamba utajiri wote ule ulitokana na samaki wa kaskazini waliokaushwa kwa upepo na kubadilishwa kwa nafaka, alisema kwamba hao ni ng'onda, akataka kuwanusa. Alifariki mwaka uliofuata, na kila ninapopita pale namsikia.

Kutoka: Mpemba wa Stavanger

Mungu amrehemu. Mimi napendekeza Fløibanen, treni ya kupanda mlima Fløyen, kwa kuwa kituo chake kiko karibu na Bryggen na kwa dakika chache hukufikisha mita 320 juu ya bahari bila kupanda ngazi nyingi. Mlima Ulriken, wenye mita 643, ni mrefu zaidi, lakini upepo wake si wa mtu mzima. Pale Fløyen wakati wa kiangazi huwa kuna mbuzi, na mimi niliyelelewa na mbuzi nilisimama nao muda mrefu kuliko nilivyoitazama bahari. Usiharakishe kumrudisha nyumbani, maana siku hizi jua huzama karibu saa tano usiku. Kinachoniuma ni kwamba wazazi wetu huhesabiwa siku moja moja kwenye stika ya visa, ilhali watalii wanaokwenda kwetu hulipia yao wakishatua uwanjani.

Kutoka: Mtanga wa Bergen

Nawashukuru sana. Kuhusu kwenda kaunta mapema bado nangoja mwenye uzoefu. Nimemsomea mama ujumbe wenu wote. Bryggen amesema ataiona tukishuka, ila mbuzi tuanze nao asubuhi, na ameniuliza kama wanaruhusu watu kuwapa majani.