Masikio ya mnada wa pweza?! Miguu ya spika laki mbili na themanini na sauti ni ile ile!

Mpenda_Ganuni (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wana baraza. Naandika mkono unatetemeka, ndio kwanza narudi mjini hata viatu sijavua. Yule bwana wa vifaa vya muziki mnamjua, sina haja ya kumtaja, kila anaependa sauti nzuri hapa Unguja keshapita mikononi mwake na katoka hana nauli ya daladala.

Wiki iliyopita kaniuzia miguu ya spika, vile viduara vya raba vya kuzuia mtetemo. Vinane, elfu thelathini na tano kimoja, pigeni hesabu wenyewe. Kanambia maalim ukivitia hivi chini besi itasimama wima, ganuni utalisikia uzi mmoja mmoja, udi utasikia mpaka ukucha wa mpigaji. Mie tena na taarab ya zamani! Nikatoa pesa.

Nimefika nyumbani nimevitia. Wallahi nimekaa kwenye mkeka tokea baada ya isha mpaka saa saba usiku, mie nimefumba macho mke wangu ndie anaziinua spika na kuzirudisha, mara na raba mara bila raba, nikisie ipi ni ipi. Mara kumi. Nimepatia nne. Nikaweka kikombe cha kahawa juu ya spika, kile kidogo cha barazani, kahawa inacheza viduara vile vile, hata povu halijabadilisha njia.

Leo nimevirudisha kwa ustaarabu, nimefatana na baba mkwe kwa sababu tulikuwa tunatoka dikoni kwenye samaki pamoja. Nikamwambia kwa adabu, kaka hivi vitu havijanifaa. Akaweka chini kisahani chake cha halua, akazunguka meza, AKANISHIKA SIKIO. Kalishika kwa vidole viwili kama mtu anaetazama kama samaki changu kaoza, kalivuta, kawageukia wateja kasema haya si masikio ya muziki haya, haya masikio ya kuskilizia mnada wa pweza. Mbele ya mkwe wangu! Mkwe wangu ambae ndio kazi yake hio, mnada, miaka arubaini yuko dikoni, katusomeshea watoto kwa mnada wa pweza.

Duka zima likacheka. Sikio langu mpaka sasa linanata halua.

Nauliza, kuna mtu yoyote humu kazitia hizi raba akasikia kitu? Mtu yoyote! Au kisiwa kizima kimeibiwa tumekaa kimya?

Kikwajuni_Juu

Pole sheikh. Mie kaniuzia waya wa spika kaniambia una mshale, ukiupindua sauti inarudi nyuma. Nilipomuuliza inarudi nyuma wapi kanambia weye rudi skuli.

Sahani_ya_Urojo

Laki mbili na themanini za RABA?? Yakhe mie kwa pesa hio ningenunua gari zima la raba. Siti binti Saad kaenda Bombay 1928 kaimba kwenye santuri za mizunguko 78, watu wakaskiliza kwenye pembe la bati na wakalia machozi, hakuna alieuliza gramafoni lina miguu gani.

Mpenda_Ganuni

Hujanijibu swali na unacheka. Weye ungeshikwa sikio mbele ya mkweo ungecheka?

Sahani_ya_Urojo

Mkwe kasemaje kwanza?

Fundi_wa_Chake

Nyie nyamazeni kidogo niseme na huyu ndugu. Nina masuala mawili. Spika zako kila moja kilo ngapi? Na kwenye boksi la hizo raba pameandikwa uzito gani?

Mpenda_Ganuni

Spika kilo saba moja. Boksi limeandikwa kila raba kilo 8 mpaka 12.

Fundi_wa_Chake

Basi umekwisha. Raba nne za namna hio zinataka mzigo wa kilo 32 mpaka 48, weye umeziekea kilo saba, kila raba haijapata hata kilo mbili. Raba haifanyi kazi mpaka ibonyee. Ikibonyea milimita moja hivi chini ya spika, mdundo wake yenyewe unashuka karibu na hezi 16, yaani mitikisiko 16 kwa sekunde, na kuzuia inaanza pale mtetemo unapozidi mara 1.4 ya mdundo huo, chini yake inapitisha tu na pengine inazidisha. Isipobonyea ni sawasawa na kutia vijiwe. Na nyumba yako sakafu gani?

Mpenda_Ganuni

Saruji, juu marumaru. Nyumba ya chini.

Fundi_wa_Chake

Inna lillahi. Saruji iliokaa juu ya ardhi itatikiswa na spika ya kilo saba? Hapo hata ungepata raba za uzito wako sawasawa ungesikia kidogo sana au usisikie kitu. Mvumo wa besi unaousikia wewe ni wa chumba. Chumba cha mita tatu ukuta kwa ukuta mawimbi yanagongana pale hezi 57, spika uzitie raba, springi, uzining'inize darini, chumba ni kile kile. Zivute spika nusu mita kutoka ukutani, weka zulia na mapazia mazito, bure kabisa. Kahawa kutikisika juu ya spika ni lazima, boksi lenyewe ndilo linalotetemeka, raba iko chini yake itasaidia nini?

Mpenda_Ganuni

Kwa hivyo yule kanitazama, kajua spika zangu ni zipi, maana kaniuzia yeye mwenyewe, na kaniuzia raba za spika za kilo arubaini. Halafu kanishika sikio. Mie ndie nna masikio mabovu?? Halua, jamani! Alikuwa anakula halua!

Bibi_wa_Shangani

Mie nitasema kweli. Kwangu zimefaa. Nakaa ghorofa ya pili Mji Mkongwe, nyumba ya boriti, mnazijua zile nyumba, vyumba vyembamba kama treni kwa sababu boriti la mkoko halina urefu zaidi. Sakafu yetu ni boriti, mawe na chokaa, tena kuukuu, mtu akitembea chumbani kabati la vyombo linalia. Mwanangu kaniletea miguu ya springi, ya uzito wa spika zangu khasa, kabla haijaja kanipigia simu nizipime kwenye mizani ya kupimia mchele. Mie chumbani sikusikia tofauti kubwa, besi labda imepungua uvivu. Lakini bibi wa chini yangu alikuwa akinigongea dari kwa mwiko kila ijumaa usiku, tokea siku ile hagongi.

Kikwajuni_Juu

Bibie umebahatika. Jirani yangu mie ndie mwenye spika, nami ndie wa chini. Tena si taarab ya ukumbini, hii ya vigodoro mpaka alfajiri. Nimempelekea salamu kwa sheha wa mtaa, sheha mwenyewe kaalikwa.

Sahani_ya_Urojo

Hahaha sheha kaalikwa! Kwetu shughuli ikifungwa mtaani zinaletwa spika urefu wa mlango, zinapangwa nne nne juu ya makasha ya soda. Mbona hazitii raba?

Kikwajuni_Juu

Zitaliwa na umeme kabla hazijahitaji raba. Juzi umeme umekatika na kurudi mara nne ndani ya saa moja, amplifaya yangu ikatoa moshi mdogo tu, mwembamba kama wa udi. Miaka sita nimekaa nayo.

Mpenda_Ganuni

Pole kwa amplifaya lakini tusitoke kwenye mada. Na nimjibu yule alieuliza mkwe kasemaje. Dukani hakusema neno. Kwenye daladala, tumefika Amani, ndio kanigeukia kaniuliza, hizo laki mbili na themanini ndizo zile za bati za jikoni?

Sahani_ya_Urojo

😂😂😂 Ee Mola

Bibi_wa_Shangani

Mwanangu na bati hujatia? Masika yamefika hayo!

Mchanga_Mdogo

Umeme tusiuseme. Nani anakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima kiza, waya wa baharini umekufa? Miezi mitatu. Mie duka langu lote majenereta, moshi ule mpaka leo naukohoa.

Fundi_wa_Chake

Nyie wakati ule ndio mkajua tunavoishi sie Pemba. Tulikuwa na mashine za dizeli miaka na miaka, zinakufa saa yoyote, hatukuandikwa kwenye gazeti. 2010 ndio tukavutiwa waya wetu kutoka Tanga.

Mchanga_Mdogo

Pemba mna karafuu nyie mngejinunulia jua.

Fundi_wa_Chake

Karafuu zangu ndizo zilizokujengeeni bandari, usinifungulie mlango huo usiku huu.

Mpenda_Ganuni

Jamani anipe mtu jina la mtu wa kumshtakia mtu alieshika sikio. Kwa sheha inafaa?

Kikwajuni_Juu

Sheha yuko kwenye shughuli. Fundi, nikitengeneza amplifaya nitie stabilaiza ya wati ngapi? Nna friji pia kwenye laini hio hio.

Fundi_wa_Chake

Usichanganye na friji. Amplifaya yako ipe yake, friji ipe yake, kompresa ikiwaka inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida na ndio hapo taa zinafifia.

Mchanga_Mdogo

Mie nnayo ya wati 2000 nimeitumia mwaka mmoja, haina mchubuko, nauza.

Bibi_wa_Shangani

Inafaa friji la milango miwili? Langu linalia kama paka.

Mchanga_Mdogo

Inafaa bi mkubwa. Nakuletea mpaka Shangani, ila ghorofani sipandishi, ina kilo kumi na tatu.